Mwonja Tamthilia wa Nyakunguru

Ukimkuta Faridu leo pale Morotonga, kando ya barabara ya kuingilia Mugumu, akiuza chaja na miwani ya kusomea kwa watu wasiosoma, hutadhani kwamba kuna wakati neno lake lilisikilizwa kuliko la diwani. Wakati huo dhahabu ilikuwa imepanda bei, simu zilikuwa bado za kuongelea, na kijiji cha Nyakunguru kilikuwa kimefurika watu kutoka kila pembe ya nchi waliokuja kuchimba utajiri. Wengi walipata kitu kingine: kifua, kesi, mke wa pili, dhehebu jipya. Faridu alipata kazi ya kuangalia televisheni.

Hakuitafuta. Baba yake, mzee Abdurahmani, alikuwa fundi cherehani sokoni Tarime, mtu ambaye ukoo wake ulitoka Pangani na ambaye aliamini kwamba anayejua kupima kiuno cha mwenzake hawezi kufa njaa. Faridu hakutaka kupima viuno. Alikwenda Nyakunguru na mtaji wa kununulia mawe ya mabaki, ayasagishe kwenye karasha, unga wake auoshe mwaloni, kwenye mabwawa ya kuchujia dhahabu, atajirike, arudi Tarime na kitambi. Mawe yalisagwa, yakaoshwa, na hayakutoa kitu.

"Wewe hukununua dhahabu," msagaji wa karasha alimwambia, mtu aliyeitwa Method, mwenye maneno mengi kuliko kelele za mashine yake. "Umenunua msingi wa nyumba. Sasa tafuta saruji."

Kilichobaki mfukoni kilitosha jenereta yenye kikohozi, deki moja, televisheni yenye kisogo kirefu, na boksi la diski za Kikorea, Kifilipino na Kihindi alizouziwa pale Sirari na Mkenya mmoja aliyekuwa na haraka ya kutoonekana. Faridu akapanga chumba cha mbele katika nyumba ya Mokami, akazipanga diski ukutani, akaanza kukodisha.

Mokami alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa kabla dhahabu haijaleta mabati ya rangi. Alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, hakujaliwa mtoto wa kiume. Mabinti zake waliolewa mmoja mmoja, ng'ombe wao wakaingia zizini, likawa zizi zuri lisilo na mrithi. La pili, hakujua Kiswahili. Katika kijiji ambacho kwa wakati ule hata mbuzi walifukuzwa shambani kwa Kiswahili, yeye alisema Kikurya tu, na mwenye shida naye alitafuta mkalimani. Wageni wenye mafaili, waliopita nyumba kwa nyumba wakitaka watu waweke dole gumba kuuachia mgodi maeneo yao, walifika kwake, wakaeleza, wakarudia, wakachoka, wakaondoka. Majirani waliojua Kiswahili waliweka dole, wakaja kujuta kwa lugha zote mbili.

Kuhusu lile jambo la kwanza, Mokami alifanya ambalo wanawake wa Kikurya wa hali yake hufanya: alioa. Wenyewe wanaita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe kwa baba wa msichana, msichana anakuja kama mke wa nyumba ile, anatafutiwa mwanamume wa heshima wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Aliyewazaa anajulikana, lakini hahesabiwi. Hivyo ndivyo alivyokuja Gati, akiwa bado na daftari za shule, na hivyo ndivyo alivyozaliwa Vicent, mrithi wa zizi, ambaye wakati wa habari hizi alikuwa akitembea kwa kushika kuta.

Faridu alihangaika sana amwiteje mke wa mama mwenye nyumba wake. Mwishowe akaamua kumwita shemeji, neno ambalo Kiswahili kimelitunza kwa ajili ya watu walioshindwa kufanya hesabu ya undugu.

Sasa, biashara ya diski ilikuwa na tatizo ambalo wauzaji wa nyanya hawana. Nyanya mteja anaibonyeza. Diski ya tamthilia ya Kikorea inakuja kwenye kava lenye picha ya mtu mwenye bunduki, na humo ndani hakuna mtu wala bunduki, kuna wasichana wawili wanaopendana na daktari mmoja. Mchimbaji aliyetoka duarani, kwenye shimo lake, na siku moja ya kupumzika hataki kuitumia kumlilia mgonjwa wa saratani wa Seoul. Kwa hiyo kila aliyefika mlangoni aliuliza swali lile lile kabla hajaingiza mkono mfukoni: "Mwisho wake?"

Faridu akajiwekea sheria: hakodishi asichokijua mwisho. Aliangalia kila tamthilia mpaka diski ya mwisho, kisha jioni akasimama mlangoni, diski mkononi, akaihukumu mbele ya watu. Hukumu yake ya kwanza nusura ivunje biashara. Aliisifia picha ambayo steringi na msichana wake wanatoroka kwa treni kwenye mvua, wakikumbatiana. Aliisifia kwa moyo wote. Watu wakamwangalia.

"Ng'ombe walitoka?" Method akauliza.

"Ng'ombe gani? Ni Korea kule. Wanapendana."

"Kwa hiyo amemwiba."

"Hakumwiba, amekubali mwenyewe."

"Aliyeibiwa anakubali, mwizi anakubali, na wewe unakubali," Method alisema. "Baba yake msichana yuko wapi kwenye picha yako? Mtoto akizaliwa humo kwenye treni ni wa nani?"

Siku ile hakukodisha hata diski moja. Ndipo alipoelewa kwamba anahitaji mtu wa kumsomesha, na mtu huyo, Mokami, alikuwa amekaa nyuma ya ukuta akichambua mtama.

Ukawa ndio utaratibu wa nyumba. Alasiri, kazi za shamba zikiisha, Mokami aliketi kwenye kigoda mbele ya televisheni, Gati kwenye mkeka na mtoto mgongoni, Faridu kwenye kreti la soda karibu na kioo. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hicho kilionekana kuandikwa na mtu aliyekuwa akikimbizwa. Faridu, ambaye alifika kidato cha nne na kukichungulia, aliyasoma kwa Kiswahili. Gati aliyachukua kwa Kiswahili na kumpa Mokami kwa Kikurya. Mokami aliyapokea, akayatafuna, akatoa hukumu kwa Kikurya akiielekeza kwenye kioo, maana alikuwa na desturi ya kuwajibu wahusika usoni. Jioni Faridu aliichukua hukumu ile na kuipeleka mlangoni kama ya kwake.

"Hii ya Kifilipino," alitangaza, "mama mkwe anaonekana mbaya mpaka diski ya kati, kisha mnagundua yeye ndiye alitoa mali. Mke hana hoja. Mtoto ni wa nyumba. Mwisho wake wa haki, lakini mrefu." Au: "Hii ya Kihindi, mahari imetoka upande wa mwanamke. Mwenye moyo mdogo asiichukue." Wateja walitikisa vichwa kwa huzuni kuhusu Wahindi, wakaichukua.

Jina lake likapanda. Alialikwa kwenye harusi. Mtu wa Machochwe na mtu wa Nyakunguru waliogombana kuhusu tamthilia walikuja kwake awaamue, naye aliwaambia warudi kesho, ili kwanza amsikilize Mokami.

Kuna jambo moja Faridu hakumwambia yeyote. Alikisikia Kikurya. Huwezi kuishi uani kwa mtu miaka yote ile usikisikie. Hata kuku wa Mokami walikisikia. Lakini mpangaji asiyeelewa lugha ya mwenye nyumba anasemewa mengi yenye faida, ikiwemo lini kodi itapanda, kwa hiyo alinyamaza. Na kwa sababu hiyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua, au alidhani ni wa kwanza, kwamba Gati ameanza kudanganya.

Ilianza na tamthilia ndefu ambayo kava lake lilikuwa na picha ya helikopta. Wateja, kwa kukosa jina, waliiita Lango la Mto. Ilikuwa ya zamani za wafalme. Mjane wa nyumba kubwa ya mawe, asiye na mrithi, anamleta msichana maskini azae kwa jina la nyumba ile. Msichana anazaa. Kisha anapita mchukuzi wa chumvi, mrefu, mwenye macho ya kusikitika kama ya ndama, na mambo yanaharibika taratibu, diski baada ya diski.

Wakati huohuo mteja mmoja alikuwa amezidisha mapenzi ya tamthilia. Aliitwa Heche, mchimbaji wa Machochwe, mrefu pia. Alikuja kukodi asubuhi, akarudisha alasiri, akakodi tena. Diski alizirudisha bila alama hata moja ya kidole. Method ndiye aliyelisema siku moja, kwa sauti ya kutosheleza uwanja mzima.

"Heche, mura, nikuulize. Televisheni unayo?"

"Natazama kwa rafiki."

"Rafiki yupi? Sisi wote ni marafiki zako, na kwetu hujawahi kuja kutazama."

Watu walicheka. Heche naye alicheka, na alipocheka aliangalia mlango wa uani, si Method. Gati alikuwa pale akianika mtama. Faridu akaelewa jambo ambalo angependa kutolielewa.

Maana hapa ndipo ilipokuwa kazi. Gati akiondoka, nyumba ile inabaki na kikongwe na mtoto anayeshika kuta. Akiondoka na mtoto, ng'ombe waliotoka wametoka bure, na jina la nyumba linakwisha kama jenereta inavyokwisha mafuta: kikohozi, kisha kimya. Na Faridu mwenyewe, ambaye Tarime kwao alirudi sikukuu tu na kukaa kama mgeni, hakuwa na alasiri nyingine duniani zaidi ya ile, watu watatu na mtoto mbele ya kioo.

Siku ya kwanza ya uongo ilikuwa ndogo. Msichana kwenye picha alipiga magoti mbele ya mjane. Faridu akasoma: "Anasema, 'Mama, chakula kiko tayari.'" Gati akasema kwa Kikurya: "Anasema, 'Mama, nimechoka.'"

Faridu aligeuka nusu. Gati alikuwa anaangalia mbele, uso mkavu. Mokami akakiambia kioo, kwa Kikurya: "Na nani hajachoka?"

Kesho yake msichana wa kwenye picha, aliyekuwa akiuliza bei ya hariri, kwa Kikurya alisema kwamba aliletwa kabla hajajua anataka nini. Mjane, aliyekuwa akijibu kuhusu hariri, hakupata nafasi, kwa sababu Mokami alimjibia: "Ng'ombe hawaulizi msichana anataka nini. Wanauliza baba yake ana zizi kubwa kiasi gani. Lakini mwambie huyo binti kwamba mimi pia nililetwa."

Wakaendelea hivyo. Faridu alisoma mambo ya hariri, ushuru na mabalozi wa Uchina, na masikioni mwake tamthilia nyingine ilikuwa ikipita, bora zaidi, isiyo na mabalozi. Katika tamthilia hiyo msichana alisema kuna mtu, na kwao mtu huyo kuna mama mzima na shamba. Akasema ataondoka na mtoto. "Mtoto ana jina la nyumba," Mokami alikiambia kioo, bila hasira. "Jina halibebwi mgongoni." Siku mbili msichana hakusema chochote, hata pale Faridu aliposoma hotuba ndefu. Gati aliifupisha: "Analia tu, mama." Kwenye picha msichana alikuwa akila.

Safari moja mchukuzi wa chumvi alianguka mtoni na Faridu akasoma, "Anasema, 'Chumvi yote imekuwa supu.'" Mokami akacheka, cheko fupi la puani. Kisha Gati akatafsiri, na Mokami hakucheka tena. Faridu aliona, akadhani kilichomchekesha ni kuanguka. Mtu anayelinda siri yake haoni ya mwenzake.

Ungesema angeweza kumwita Gati pembeni, au kumpasulia Mokami. Alifikiria yote mawili. Lakini angesema nini? Kwamba tafsiri si sahihi? Alikuwa mtu wa kupima miisho ya watu wa mbali, na ujuzi huo, kama cherehani ya baba yake, haukushona kitu kisichowekwa chini ya sindano. Zaidi ya hayo, jioni watu walikuwa wakidai Lango la Mto. Diski zote zilikuwa zimepimwa ila ya mwisho.

Diski ya mwisho ilikuwa mbovu. Ilikuwa na mkwaruzo uliokatiza kutoka ukingoni hadi katikati, kama barabara ya kwenda mgodini. Faridu akaipaka dawa ya meno kama mafundi wanavyofanya, akaifuta kwa kipande cha suruali, akaipulizia, akaiombea dua kimoyomoyo. Alasiri ile mvua ilikuwa imenyesha na kuacha ukungu juu ya vifusi. Mokami alikaa kigodani. Gati alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, siku isiyokuwa ya kanisa. Faridu aliliona gauni lile kabla ya kitu kingine chochote.

Picha ilianza vizuri. Msichana akatembea kuelekea lango, ukungu ukiwa pale kwao pia. Mjane akatokea. Wakasimama, lango katikati yao. Msichana akafungua mdomo, na hapo diski ikafika kwenye barabara yake: nyuso zikavunjika viraka, sauti ikawa ya nyuki, na maandishi ya chini yakatoweka yote.

Faridu, ambaye hajawahi kuhukumu mwisho asiouona, akainama karibu na kioo.

"Anasema," akasoma, "anasema, 'Mama, nimefikiri. Siendi. Hapa ndipo kwangu.'"

Gati hakutafsiri.

"Anasema pia," Faridu akaongeza, maana uongo wa kwanza huwa mpweke, "'Yule wa chumvi nimemwambia aende zake.'"

"Faridu," sauti ikasema. "Hapo hakuna maandishi."

Alidhani ni Gati. Lakini Gati alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, na macho yake yalikuwa kwenye kigoda. Kile kilikuwa Kiswahili kilichonyooka, kilichowekwa kabatini muda mrefu kama sahani za wageni.

"Kusoma sijui," Mokami aliendelea, "lakini mahali pasipo na maandishi napajua."

Jenereta ilikohoa uani.

"Tangu lini, mama?" Gati akauliza, naye kwa Kiswahili, kama mtu anayejaribu daraja.

"Tangu nawauzia maziwa wajenzi wa barabara. Baba yako alikuwa hajapata hata ng'ombe wa kumwolea mama yako."

"Kwa hiyo ulikuwa unamsikia shemeji akisoma."

"Nilisikia zote mbili. Yake na ya kwako." Mokami alijikung'uta makapi ya mtama kwenye khanga. "Ya kwako ilikuwa nzuri zaidi. Huyu anasoma kama karani wa mahakama." Kisha, bila kugeuka: "Na wewe, mura, usiinamishe kichwa. Kikurya unakisikia. Gati akianza kusema, masikio yako yanasimama kama ya sungura."

Faridu akajishika sikio.

"Basi nimalizie," Mokami alimwambia Gati. "Ile ya kwako. Mwisho wake?"

Kwenye kioo viraka viliendelea kucheza. Vicent alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, shavu likiwa limebonyea begani.

"Anaondoka, mama."

"Kwa lango la nyuma?"

"La mbele. Mchana. Watu wanamwona."

"Hapo vizuri. Anayetoka kwa nyuma ameiba hata kama hakubeba kitu." Mokami alimtazama Vicent. "Na mtoto?"

Faridu alijikuta akitazama chini ya kioo, pale maandishi yanapokaa, kana kwamba yangemsaidia.

"Mtoto amelala," Gati alisema mwishowe. "Anaondoka mtoto akiwa amelala."

Mokami alitikisa kichwa polepole, kama alivyofanya siku zote tamthilia ikimridhisha. "Inauma," alisema. "Hiyo sasa ni picha."

Akanyoosha mikono. Gati akafungua khanga, akamshusha mtoto kwa uangalifu wa mtu anayeshusha mtungi uliojaa, akamweka mapajani mwa Mokami. Gati hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na furushi ambalo, kwa ukubwa wake, lilikuwa limefungwa zamani. Alipiga magoti mbele ya kigoda. Waliyosemezana pale yalikuwa ya Kikurya na ya chini sana, na Faridu, aliyeyasikia, hakuwahi kuyatafsiri kwa mtu.

Mlangoni Gati akasimama. "Shemeji, usizime jenereta."

"Picha imekwisha."

"Najua. Lakini akisikia kimya ataamka. Kazaliwa na hii kelele."

Akatoka kwa mlango wa mbele. Ng'ambo ya barabara Heche alikuwa amesimama, safari hii bila diski. Watu waliwaona. Hakuna aliyepiga kelele ya mwizi, kwa sababu ya mchana ule na lango lile. Walitazama tu, kama watazamavyo msafara wenye maiti. Wawili wale walikwenda upande wa barabara ya Mugumu, Gati mbele, na hakugeuka, jambo ambalo kwenye tamthilia huwa wanageuka.

Faridu hakuzima jenereta. Aliketi kwenye kreti, mbele ya kioo chenye viraka, na Mokami kigodani na mtoto mapajani, wakiangalia mahali pasipo na kitu. Mafuta yaliyokuwa ya kesho yaliungua. Angeweza kwenda kununua mengine, na aliwaza kwenda, lakini kuna duka moja tu la mafuta na mtu hawezi kuununulia mafuta usingizi wa mtoto mpaka awe mzee. Jenereta ikakohoa mara ya kwanza. Mokami akamvuta mtoto karibu. Ikakohoa tena, ikashikilia kidogo, kisha ikaacha.

Kimya kile kiliingia chumbani kama mtu. Vicent akafungua macho, akamtazama Mokami, akamtazama Faridu, akaanza kuzungusha shingo.

"Mama, nikusaidie nini?" Faridu aliuliza. "Nimbebe? Nichemshe uji?"

Mokami alimtazama kwa utulivu wa mtu anayesikia sauti asiyoijua maana, kama alivyowatazama wale wa mafaili. Akajibu kwa Kikurya kwamba mpangaji huyu ni mtu mwema, bahati mbaya Kikurya hakijui. Akajiinua, akaingia ndani na mtoto, ambaye sasa alikuwa ameshapata sauti yake. Tangu hapo hakuna aliyemsikia tena akisema Kiswahili, wala Faridu hakumwambia mtu kwamba anakijua.

Jioni watu walijaa mlangoni, Method mbele, wakidai Lango la Mto.

"Diski ya mwisho mbovu," Faridu aliwaambia.

"Mbovu kwetu. Wewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi tupe. Mwisho wake? Msichana alikwenda?"

"Alikwenda."

"Mtoto?"

"Alibaki kwa nyumba."

"Na ng'ombe?"

"Hawakudaiwa."

Method aliwageukia wenzake, uso ukiwa umeng'aa kwa kuridhika. "Mnaona? Niliwaambia. Hata kule kwao kuna watu wanaojua sheria. Nyumba imeshinda!"

"Ndiyo," Faridu alisema. Kutoka nyuma ya ukuta Vicent alikuwa akilia kilio kirefu, chenye mapumziko ya kusikiliza kama kuna anayekuja. Faridu aliirudisha diski kwenye kava lake lenye helikopta. "Nyumba imeshinda."